Pembe ya Lubinza na Karatasi Yangu

Nakumbuka siku niliyopita mlangoni kwa Bibi Ngolo nikiwa na karatasi mkononi, naye akanitolea kigoda nikae, nami sikukaa. Mwanangu, nimekula chumvi nyingi tangu siku ile. Nimezaa, nimezika, nimefundisha watu kusoma mpaka wajukuu wao, lakini kile kigoda bado nakiona, cha miguu mitatu, kimepakwa mafuta, kimewekwa pale kivulini kwa ajili yangu.

Ngoja nikae vizuri, goti hili halitaki tena kukunjwa. Nimekuita kwa sababu ya lile tangazo lako. Nimesikia wanatafutwa watu wa kujitolea hapa kwetu: wa kupanda miti shuleni, wa kufuatana na wahudumu wa afya wakipima watoto, wa kuchangia damu. Na nimesikia wewe ndiye uliyepewa kazi ya kupeleka habari. Nilifurahi mpaka maharage yakaungua. Halafu nikauliza, habari yenyewe kaipelekaje? Nikaambiwa kaiweka kwenye simu, kwenye kundi lao. Nikasema haya, mwiteni huyo mtoto aje anywe chai. Usinikunjie uso, sikukuita kukugombeza. Kunywa. Karanga hizo hapo.

Ilikuwa ile miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu, huku upande wa Segese, kilikuwa bado kichanga. Nyumba zimepangwa mstari, na waliokaa ndani yake wametoka kila upande, wengine wametembea na mitungi yao siku mbili. Ulikuwa unamsalimia jirani asubuhi na hujui hata jina la mtoto wake. Zahanati hatukuwa nayo. Mgonjwa tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka hospitali ya mapadri, safari ya kutwa nzima. Dada yangu Minza alijifungulia kwenye mkokoteni huo, jua la utosi, ng'ombe wamesimamishwa porini. Mtoto alipona, na Minza naye aliponea chupuchupu. Kwa hiyo mkutano wa kijiji uliposema tujenge zahanati kwa mikono yetu, na serikali itatupa mabati na mganga, hakuna aliyebisha. Mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama.

Kazi ilisimamiwa na Lubinza, nsumba ntale wetu. Wewe umekulia karibu na stendi, hujawahi kumwona nsumba ntale. Ni kiongozi wa vijana na wa kazi zote za pamoja. Hakuna kura ya sanduku. Watu humwangalia mtu tangu ujana wake, wakiona huyu akisema twende wenzake wanaenda, basi ni yeye. Lubinza alikuwa mfupi, ana kovu la jembe mguuni, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Sauti aliiachia pembe yake, pembe ndefu ya tandala aliyoirithi kwa baba yake. Alfajiri ya siku ya kazi alipanda juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya ghala la pamba, akaipuliza mara tatu. Ukiisikia unachukua jembe, unatoka. Hata Masanja, ambaye pombe ya mtama ilikuwa imemuoa, aliamka. Nilimpenda sana Lubinza, ingawa kipindi kile nilimwona ni mtu wa zamani.

Sasa shika jambo moja, maana hadithi yote imekaa hapo. Kwetu mtu akikosa sana, akaiba, au akadharau kazi za wenzake, kijiji hakikumpiga. Kilimtenga. Na hakuna aliyekwenda kumwambia. Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba na habari ya kazi, mlango wa yule mtu akauruka, basi. Aliyerukwa alijua, na majirani walijua. Kuanzia hapo hapewi kaa la moto asubuhi, hasaidiwi kubeba maji akiugua, na akifa hakuna wa kumchimbia kaburi. Mpaka aende mwenyewe kwa nsumba ntale na mbuzi, akiri kosa, mbuzi aliwe na wote, ndipo arudishwe. Mimi desturi hiyo niliijua tangu nyonyoni. Usije ukasema bibi hakujua.

Lakini nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Msichana wa pili pale kijijini kufika huko! Jioni nilijitolea kufundisha kisomo cha watu wazima kwenye ghala la pamba, na katika wanafunzi wangu alikuwamo baba yangu mzazi. Nilimsahihisha baba yangu kwa chaki. Wewe cheka tu, lakini msichana wa miaka kumi na tisa akimwambia baba yake “rudia tena,” na baba akarudia, kichwa lazima kivimbe. Changu kilivimba.

Siku ya kwanza ya kazi pembe ililia, watu wakaja wote. Ikawa vurugu. Watu watatu jembe moja. Wanawake wameleta maji, waliofyatua matofali hawajapata udongo. Wazee wamesimama kila njia, vijana wanawapisha. Nikaona hapa panahitaji msomi. Jioni nikamfuata Lubinza.

“Shikamoo, Baba Sayi.”

“Marahaba, mwalimu.” Aliniita mwalimu tangu siku nilipoanza kisomo, na kila aliponiita hivyo mimi nilirefuka kidogo.

“Pembe inaita watu wote wakati mmoja,” nikamwambia, “wengi hawana cha kufanya. Niruhusu niandike. Kila mtu na kazi anayoiweza. Halafu nitapita nyumba kwa nyumba kuwaambia, wewe pembe uipumzishe.”

Akaitazama pembe yake, akanitazama mimi. “Karatasi yako itamkumbuka kila mtu?”

“Itawakumbuka kuliko pembe,” nikajibu. Toba! Hayo maneno niliyasema kwa mdomo huu huu.

Akakubali. Lubinza alikuwa mtu wa kuwapa vijana nafasi, na hilo nampa heshima yake mpaka kesho. Nikachana karatasi katikati ya daftari, nikapiga mstari, upande huu jina, upande ule kazi. Masanja, kuponda mawe. Mama Shija, maji. Nkwabi, kufyatua matofali. Nililala nayo chini ya mto.

Bibi Ngolo alikaa nyumba ya mwisho ya mstari wetu. Alikuwa ameletwa kutoka mbali, upande wa Songwa kwenye almasi, hana ukoo hapa. Mwanawe mmoja tu, Jilala, alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu huko Geita, na habari zake zilifika kwa mwaka mara moja, zikifika. Kikongwe mwembamba, mgongo umepinda, macho mekundu kwa moshi wa kuni mbichi. Na unajua mwenyewe huku kwetu macho mekundu ya kikongwe yamewaponza wangapi, wakaitwa wachawi. Mtu wa namna hiyo akianza kunong'onwa, hafiki mbali.

Nilipofika kwake na karatasi alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha. Aliponiona akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na kigoda. Mjumbe hukaa ndipo aseme. Akakiweka kivulini akasimama pembeni, ananitazama mdomoni.

Mimi nikajisemea, huyu nimwandike nini? Hawezi jiwe, hawezi debe la maji. Acha apumzike, maskini. Niliona namfanyia hisani, wallahi niliona hivyo.

“Shikamoo bibi. Nina haraka,” nikasema, nikapita, nikaingia nyumba ya pili ya mstari wa nyuma. Nilipogeuka nilimwona bado amesimama karibu na kile kigoda.

Kazi ilikwenda vizuri, nisiseme uongo. Kila mtu mahali pake, na msingi ukatoka ardhini. Watu wakanisifu. Mwenyekiti wa kijiji alinishika mkono mbele ya watu. Ikapita siku ya pili ya kazi, ikapita ya tatu, nami nikawa natembea pale na karatasi yangu na penseli sikioni, naelekeza watu walionizaa.

Siku moja asubuhi mama alikuwa anapuliza moto, akasema bila kuinua kichwa, “Hivi Bibi Ngolo alikosa nini?”

“Kwani amekosa?”

“Si ametengwa? Mama Shija kaniambia mlango wake ulirukwa. Jana kaja kuomba kaa la moto, Mama Shija akamwambia moto umezimika. Na watoto wamekatazwa kupita kwake. Wanasema mtu hatengwi bure, kuna kitu kimeonekana.”

Mwanangu! Nilijua pale pale. Nilijua kabla mama hajamaliza. Ningenyanyuka nikakimbia nyumba kwa nyumba kusema ni mimi, ni penseli yangu, bibi hana kosa, mambo yangeishia hapo. Sikunyanyuka. Nilisema, “Sijui,” nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya wanafunzi wangu. Kumruka kulikuwa ujinga wa ujana. Kunyamaza kulikuwa ubaya, na huo naubeba mwenyewe hadi leo.

Nilinyamaza siku tano. Ilipofika siku ya nne ya kazi tuko wote kwenye msingi, fundi ameshika kamba, nikamwona Bibi Ngolo anakuja njiani na mbuzi. Alikuwa na mbuzi mmoja tu duniani, jike jeupe lenye sikio lililochanika. Anamvuta kwa kamba, mbuzi anagoma, yeye anambembeleza, wanasogea. Mwiko wa fundi ukaacha kulia.

Akafika mbele ya Lubinza akapiga goti. Kikongwe yule, akampigia goti mtu wa umri wa mwanawe!

“Mwangaluka, baba,” akamwamkia.

Lubinza naye akachuchumaa ili asimwangalie kwa juu. “Mwangaluka, mayu. Mbuzi huyu wa nini, mama?”

“Wa kurudi.”

“Nani alikuambia umetengwa?”

“Hakuna aliyeniambia, baba. Ndiyo maana nimejua.” Akashika kamba kwa mikono miwili. “Kosa langu nimelitafuta sijaliona. Nikafikiri labda ni ile siku huyu mbuzi alipokula mtama wa Mama Shija, lakini tulikwisha kuelewana. Niambieni tu, nikiri. Mwanangu yuko mbali, sijui kama yu hai. Nataka kufanya kazi na wenzangu, ili siku yangu ikifika nisioze ndani peke yangu.”

Mama Shija alikuwa na debe kichwani. Alilitua chini bila kusaidiwa, maji yakamwagika, hakuyatazama.

Lubinza hakuuliza nani. Aligeuza shingo taratibu mpaka macho yake yakafika kwangu, na ninaapa kwamba alikuwa ameshajua.

“Mwalimu. Lete karatasi yako usome.”

“Nisome wapi?”

“Yote. Kwa sauti, wa nyuma wasikie.”

Nikasoma. Masanja, kuponda mawe. Mama Shija, maji. Mwanzoni watu walicheka kila jina lao lilipotajwa, maana wengi hawakuwahi kusikia jina lao likisomwa karatasini. Baadaye kicheko kikaisha. Nilifika mwisho, nikaikunja.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Bibi Ngolo hayumo.”

“Hayumo,” nikasema. “Niliona ni mzee, nikataka apumzike.”

Watu wakaguna. Lubinza hakuguna. Akauliza kwa ile sauti yake ya chini, “Na Kabula yuko wapi humo?”

Kabula ni mimi. Nikaikunjua tena karatasi, nikaitafuta juu, nikaitafuta chini. Sikujiandika. Niliandika kijiji kizima nikajisahau, maana nilijiona mimi si wa kuitwa, mimi ni wa kuita.

“Basi kwa karatasi hii mmerukwa wawili,” akasema. “Nenda kakae naye pale. Ninyi wengine, kazini.”

Akatuonyesha mahali palipolundikwa nyasi za kufunikia matofali. Tukaenda, mimi, bibi, na mbuzi. Tukakaa.

Mwanangu, kazi ikaanza tena na nyimbo zake. Mawe yakapondwa, debe likapita, mtu akimtania mwenzake wote wanacheka, na mimi nipo hatua ishirini na simo. Rafiki yangu Holo, tuliyelala mkeka mmoja tangu utoto, alipita na maji akatazama upande mwingine. Mikono ilianza kuniwasha. Nilitamani mtu aniite hata kwa matusi. Yaani saa mbili tu zile! Na mwenzangu alikaa hivyo siku nyingi, ndani ya nyumba isiyo na moto, akilitafuta kosa lake.

Bibi Ngolo alifungua fundo la kanga, akatoa michembe, akanigawia nusu. “Kula,” akasema. “Siku ya kwanza ndiyo ngumu.”

Mambo ya karatasi hakuwa ameyaelewa; alidhani nami nimetengwa kwa kosa langu fulani, akawa ananifariji! Hapo nikashindwa. Nikalia, kamasi zinatoka, nikamwambia yote. Kwamba hakukosa kitu. Kwamba ni mimi niliyemruka. Kwamba nilijua habari ya moto kunyimwa, nikanyamaza.

Akaacha kutafuna. Halafu akauliza, “Kwa hiyo hakuna kosa?”

“Hakuna, bibi.”

“Hata la mtama?”

“Hata la mtama.”

Akajifunika uso kwa kanga akalia. Nilingoja anipige, na angenipiga ningeshukuru. Alipojifunua alikuwa amekasirika kweli kweli, macho yale mekundu yamenikodolea.

“Si ungeniuliza? Mdomo unao. Nilikutolea kigoda.”

“Nisamehe, bibi.”

“Ungekaa ungeniuliza, bibi unaweza nini, ningekwambia.” Akanyoosha kidole. “Wale watoto unawaona?”

Nikatazama. Watoto wa akina mama waliobeba maji walikuwa wanacheza ukingoni mwa lile shimo la kuchimbia udongo wa matofali. Shimo lilikuwa na kina cha mtu mzima, na chini maji yametuama. Mmoja alikuwa ameninginiza miguu ndani. Kwenye karatasi yangu yenye mistari hakukuwa na mtu wa kuangalia watoto. Wala sikumwandika wa kupika uji. Watu walifanya kazi na njaa siku tatu, nami sikuona, nilikuwa naangalia majina.

“Mimi siwezi jiwe,” akasema Bibi Ngolo. “Lakini tangu siku ile ya kwanza ya pembe niliona lile shimo likianza kuchimbwa. Nilikuwa nangoja uje, nikwambie.”

Nikamwambia tuwaite watoto. Akatikisa kichwa. “Hatujaitwa bado,” akasema. Ila hakuweza kuvumilia, alipiga mluzi kama wanavyoitwa ndama, na watoto wote wakageuka wakaja mbio kumtazama mbuzi. Akawaweka pale kwetu mmoja mmoja, kila mmoja na kipande cha mchembe.

Jua lilipofika utosini Lubinza alitupa sururu chini. Alitembea mpaka kwenye kile kichuguu nyuma ya ghala akapanda, akavuta pumzi, akapuliza pembe mara tatu. Watu wakashangaa. Kila mtu si yuko hapa tayari? Anamwita nani?

Alikuwa anatuita sisi wawili.

Bibi Ngolo alisimama kabla yangu. Aliachia kamba ya mbuzi, akajifunga kanga kiunoni, akatembea kuelekea kwa wenzake na watoto wanamfuata nyuma. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Shija alimkimbilia akamshika mikono yote miwili, akawa anasema jambo moja tu, nisamehe mayu, nisamehe mayu. Na jioni ile mwenyewe alibeba kaa la moto kwenye kigae mpaka kwa bibi, na kuni juu yake.

Mimi nilipewa nyundo. Niliponda mawe mpaka malengelenge yakapasuka, na Masanja akanicheka kutwa. Mbuzi hakuliwa. Alirudi kwao, akazaa, na huyo mbuzi mchanga Bibi Ngolo alimwita Karatasi. Alifanya makusudi! Kila asubuhi nasikia anaita, “Karatasi! Toka kwenye mtama wa watu, Karatasi!” na mstari mzima unaangua kicheko. Nilimvumilia, ningefanya nini tena.

Sasa niache nimsifu, maana sijamaliza. Siku zote za ujenzi alilea watoto wa kijiji pale, akapika uji, na hakuna mtoto aliyetumbukia. Zahanati ilipofunguliwa alikuwa anafika kabla ya mganga, anafagia uwanja, anawawekea akina mama wajawazito mkeka. Hakuna aliyemtuma, na hakuwahi kuomba hata sabuni. Wale waliokuwa wameanza kunong'ona juu ya macho yake ndio walioleta watoto wao awapakate wakichomwa sindano. Na alikuja kisomo! Akakaa safu ya mbele kwenye ghala, akashika penseli kama mchi, akasema hataki a, e, i, o, u, anataka jina lake kwanza. Tulihangaika nalo mwezi mzima. Siku alipoliandika sawasawa aliniambia nilete ile karatasi ya zamani. Nilikuwa nimeihifadhi. Akaandika mwishoni kabisa, herufi kubwa zimelala upande, NGOLO. Halafu akanipa penseli akasema, “Na wewe jiandike.” Nikajiandika chini yake.

Alifariki miaka mingi baadaye, wakati nina watoto wanne. Lubinza alikuwa amezeeka, pumzi ya pembe imekwisha. Aliniita akaniambia nipeleke habari ya msiba. Nilipita kila mlango, mwanangu, mstari wa mbele na mstari wa nyuma. Aliyenitolea kigoda nilikaa. Aliyekuwa shamba nilimfuata shamba. Watu walikuja hata kutoka Segese. Kaburi lilichimbwa na vijana ambao utotoni aliwapigia mluzi, waligombania majembe.

Jilala mwanawe alifika kutoka machimboni tumeshamzika, suruali ina vumbi jekundu, mfukoni ana kitita alichokuwa anamletea mama yake. Akasimama kaburini analia. Kisha akamfuata Lubinza, akauliza ni nani waliomzika, awalipe. Yule mzee akamtazama akasema, “Mama yako alikuwa mtu wa kuitwa, na yeye akawa anaitika. Rudisha pesa zako, ukae hapa wiki moja. Kuna choo cha zahanati kinachimbwa.” Na Jilala alikaa, akakichimba. Mchimba dhahabu akishika choo, tulipata kirefu kuliko vyote wilayani.

Haya, mwanangu, chai imepoa, nisikuchoshe. Nililokuitia ni hili. Habari ya kazi ya kujitolea uliyopewa si yako wala si ya kundi lako. Ni ya kila mtu anayeishi hapa. Usiwachagulie watu kwa kuwaonea huruma, wala usiseme huyu ni mzee, huyu mguu mbovu, huyu mgeni, huyu hana simu. Mpelekee habari, kisha muulize anaweza nini, na jibu lake ulisikilize mpaka mwisho. Akisema hawezi, ni yeye aliyesema. Ukimruka umemfukuza, hata kama moyoni ulikuwa na nia njema. Ukigundua umemruka mtu, rudi siku ile ile useme ni mimi. Usingoje siku tano. Na jina lako liwemo kwenye kazi, si juu ya kazi.

Unamjua Mzee Shija hapo ng'ambo ya barabara? Ndiye yule mtoto wa Mama Shija aliyeninginiza miguu kwenye shimo. Leo hana simu, na jicho moja halioni. Juzi alikaa mlangoni akiwaangalia mkipita na miche ya miti, akaniuliza, “Dada Kabula, hawa watoto wanakwenda wapi? Mbona hakuna aliyeniambia?” Mikono yake ilipanda miti yote unayoiona kwenye ule uwanja wa kanisa. Nenda kwake sasa hivi, kabla hujaenda kwingine. Akikutolea kiti, kaa.

Mungu wa Ngolo na wa Lubinza akupe miguu isiyochoka mpaka mlango wa mwisho. Kila utakapoita, waitike. Na siku utakapokuwa huna cha kubeba isipokuwa mgongo wako uliopinda, asikosekane kijana wa kukuletea habari mpaka kivulini kwako. Nenda, mwanangu. Karanga hizo mchukulie Mzee Shija.